Jina Langu Mbele ya Waamuzi

Mara ya kwanza nilikimbia mbio za shule mjini Mbarara kwa jina la mtu mwingine. Mwalimu wetu wa michezo, Mganda mwenye filimbi shingoni, alibandika picha yangu kwenye fomu ya binti wa mfugaji mmoja wa Endiinzi. "Karatasi ya mkimbizi iko na shida mingi," aliniambia. "Wewe kimbia tu." Nikamwamini, mjinga mimi! Nilishinda mita elfu moja na mia tano, pekupeku. Zawadi ilikuwa kusoma sekondari bure pale mjini. Akaenda yule binti, ambaye kuruka kamba tu kunamtoa pumzi.

Mama alilia wiki nzima. Mimi sikulia. Kila asubuhi nilikimbia kupanda kilima nyuma ya kijiji chetu katika kambi ya Nakivale, nikimlaani mwalimu kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru cha kwetu na kwa Kifaransa kidogo nilichobakiza.

Mwaka uliofuata akanijia tena, bila haya hata kidogo. Safari hii fomu ilikuwa ya mpwa wake. "Sawa, mwalimu," nikamjibu, mpole kabisa.

Siku ya mashindano niliwaacha wote. Msichana wa shule ya Biharwe aliyenifuata alikuwa mbali. Kwenye meza ya waamuzi mama mmoja mwenye miwani akaniuliza jina. Nikataja langu, nikaongeza la baba na la babu, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.

"Anatania huyo!" mwalimu akadakia.

Yule mama akaitazama fomu, akanitazama. "Picha ni yako. Jina ni ya nani?"

"Muulize yeye. Na mwaka jana alinifanyia vile vile."

Shule yetu ikaondolewa palepale. Nafasi ya kusoma ikaenda kwa yule msichana wa Biharwe. Wenzangu hawakunisemesha njia nzima. Nilijua nitapoteza, lakini nilitaka apoteze naye, na nilifurahi, wacha niseme ukweli.

Mama aliposikia alinikalisha karibu naye. "Ulifanya muzuri," akasema. "Sasa utasoma fasi gani?"

Sikusoma popote. Nalima mahindi. Mwalimu alifukuzwa, siku hizi anakaanga chapati Mbarara, karibu na stendi. Nikienda mjini lazima nipite kwake. Akiniuliza nataka ngapi, namwambia kwanza anitaje jina. Wateja wanangoja, mafuta yanaungua, naye analitaja lote, la baba na la babu, wala hakosei.