Ndugu wa Kwenye Kadi

Kila nikipita mjini Ibra, huku Omani, mbele ya ofisi ya ahwali, ofisi ya kuandikisha raia, navuka upande wa pili wa njia. Ni ofisi safi, ina baridi, ina viti vya chuma na wafanyakazi wenye adabu. Hawajanifanya ubaya wowote. Lakini ndimo wanamoandikwa waliozaliwa, waliooana na waliokufa, ndimo zinamotoka kadi za uraia, na bila ya kadi hutibiwi, huozwi, hupigi kura, huna kwenu. Kadi yangu ilikuwa na uwongo ndani yake. Nimeubeba mkobani tangu sijui kusoma.

Uwongo wenyewe ni huu. Kadi ilisema mie ni binti wa ami yangu, na mama yangu ni mke wa ami. Si kweli. Baba yangu na ami ni ndugu wa tumbo moja, na baba alikufa Tabora nikingali mgongoni. Mama yangu alikuwa Mnyamwezi wa huko huko. Ami alipopata njia ya kuja Omani, alitoka Unguja akanifuata, akanitia kwenye paspoti yake kama mtoto wake wa kuzaa. Mama hakuwa na pa kutiwa. Asubuhi ile alinisuka nywele, akaniambia, "Unakwenda kwa watu ambao hawajakuona hata siku moja. Kaa kwa adabu wakuzoee." Nilikuwa na mapengo mbele, nakumbuka kwa sababu alicheka nilipojaribu kumjibu. Sikumwona tena. Alikufa huko, na kwenye karatasi za nchi hii alikuwa hajapata kuwapo.

Nawataja waliokosa, maana wao hawatajitaja. Ni ami yangu, ni mkewe ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, na ni mtoto wao wa kwanza. Majina siyaandiki. Wakisomewa haya watajijua, na kijiji chetu cha Al Qabil kizima kitawajua.

Nyumbani uwongo ule haukuwa siri. Ulikuwa kama ufa ukutani, kila mtu anaujua na hakuna anayeuangalia. Wana wa ami kwenye kadi walikuwa kaka zangu, lakini wakibisha hodi navuta shungi, najitanda vizuri, ndipo nasema karibu. Mtoto wa ami si maharimu yako, anaweza kukuoa. Bi Mkubwa mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na nilipojisahau alinifinya. "Wale si ndugu zako hao," alikuwa akiniambia. Sasa kumbukeni neno lake hilo.

Niliolewa na mtu wa Sur, akafa, nikarudi Al Qabil na binti yangu mmoja. Binti yangu alisoma, akapata kazi Nizwa kwenye ofisi, Alkhamisi anakuja nyumbani kwa gari lake. Na yule mdogo kabisa wa wana wa ami, aliyezaliwa hapa hapa, kijana mpole asiye na makuu, alimpenda. Naye binti yangu alimpenda. Walikuwa wakikaa barazani kwa ami, mbele yetu sote, wakibishana juu ya mpira mpaka ami anawaambia, "Nyinyi, mtanipasua kichwa." Posa ilipokuja nililia kwa furaha. Fatiha ilisomwa, halwa ikaliwa, na katika sisi sote, watu wazima wote tuliokaa pale, hakuna aliyekumbuka kadi.

Aliyekumbuka ni binti yangu. Alikuwa anatayarisha karatasi za kupeleka kwa katibu wa ndoa. Akaja jikoni, kadi mkononi, uso umempauka.

"Mama, hapa wewe ni dada yake."

"Ya kwenye kadi tu hiyo."

"Na katibu anasoma nini, Mama? Si hii kadi? Kwake yeye huyu mjomba wangu. Nani ataandika mtu kuolewa na mjomba wake?"

Nilikaa chini. Sufuria ikaungua, sikuisikia harufu.

Dawa ilikuwa moja, ami aende ofisini aseme kweli, kwamba huyu si mwanangu, ni mtoto wa marehemu ndugu yangu. Kabila ni lile lile, sheikh wa kabila angeshuhudia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia mchana. Usiku nilikuwa nikijiambia mengine. Watasema nilidanganya. Watanivua kadi. Wakinivua mie, binti yangu anabaki nani? Ataachishwa kazi Nizwa. Tutapelekwa wapi? Tabora hakuna anayenijua. Nilianza kuogopa simu ikilia. Gari la polisi likisimama kwa muuza mboga, mie ndani navuta pazia.

Nikamwendea ami hata hivyo. Alikuwa majlisi, chumba cha kupokelea wageni, na mwanawe mkubwa yuko pembeni na simu zake mbili. Huyo mkubwa alikuwa keshapeleka jina lake kwa wali, mkuu wa wilaya yetu, anataka kugombea Majlisi ya Shura, bunge la nchi. Barazani kwao siku zile kahawa haikukatika.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaeleza. Ami akatazama vidole vyake vya miguu. Aliyejibu ni mwanawe.

"Wewe unataka nini hasa? Baba aende akaseme mbele ya serikali kwamba alidanganya? Mwezi huu? Majina yakibandikwa, kila mwenye chuki ana haki ya kutia pingamizi. Wataniachia?"

"Mie sitaki Shura yako. Nataka mwanangu aolewe."

"Subiri kura ipite."

"Na ikipita?"

"Ikipita tutaona." Akacheka kidogo. "Kwani una haraka gani? Wewe ni dada yangu, kadi inasema. Dada humsikiliza kaka yake."

Ami hakuinua kichwa. Namlaumu kwa paspoti, lakini zaidi namlaumu kwa kimya kile.

Nikawaambia wasipokwenda, nitakwenda mwenyewe, wakinifunga wanifunge. Nikatoka, kahawa yao sikuigusa.

Siku ya pili yake asubuhi kulikuwa na kahawa ya wanawake kwa jirani. Nilichelewa. Nilipoingia, mmoja akanisogezea sahani ya tende kama anayempa mkono mfiwa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mto, tasbihi mkononi.

"Nilikuwa nawaambia wenzangu," akasema, "kwamba posa ile haiwezekani. Nimekumbuka. Wewe nilikunyonyesha."

Wanawake wakasema astaghfirullah, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Asiyejua dini yetu aelewe kidogo hapa. Aliyenyonya kwa mwanamke ni mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawaoani milele. Kama nimenyonya kwa Bi Mkubwa, basi mwanawe mdogo ni kaka yangu kweli, na kwa binti yangu ni mjomba kweli. Neno moja la bibi mwenye tasbihi lilifanya kazi ambayo kadi haikuweza. Na mwanawe mkubwa angesalimika, maana posa ikifa, nina haja gani tena ya kwenda ofisini?

"Bi Mkubwa," nikasema, "mie nilikuja kwako na mapengo. Mtoto mwenye mapengo ananyonyeshwa?"

"Ilikuwa kabla. Nilikwenda Tabora matangani kwa baba yako. Mama yako alikuwa na homa, ulikuwa unalia, nikakupakata."

"Mama aliniambia hamjapata kuniona."

"Mama yako yuko wapi nimuulize?"

 Mtu hawezi kuwa shahidi wa uchanga wake. Na aliyekuwa anaweza, wao ndio waliomwacha.

Jioni ile binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia ni uwongo, naapa ni uwongo.

"Najua, Mama. Lakini unajua kwa neno la bibi aliyekuzaa. Bi Mkubwa anasema kwa neno lake mwenyewe. Nikiolewa, kila nikizaa nitajiuliza." Akavua pete ya posa, akaitia kwenye kikombe cha kahawa kilichokuwa tupu, akakifunika kwa kisahani chake.

Hapo wangeacha, wangekuwa wameshinda. Lakini yule mkubwa hakuniamini, alijua nitakwenda. Akataka kunitangulia ofisini, iandikwe kwamba mie ni ndugu yao wa kunyonya, nisiwe na haja tena ya kubadili kadi. Akamchukua mama yake Ibra, akaniita na mie, akasema twende tukalimalize, mama atatoa ushahidi wake rasmi, khalasi.  Njiani nilikuwa namwomba Mungu gari liharibike.

Dirishani alikaa msichana, mtoto wa watu wetu wa Unguja lakini mzaliwa wa hapa, Kiswahili chake cha kuokotaokota. Mkubwa akaanza kwa Kiarabu kizito. Huyu dada yangu, akasema, amechanganyikiwa, anataka kuleta maombi ya kubadili nasaba, na huyu mama yetu amekuja kushuhudia kwamba alimnyonyesha.

Msichana akaangalia kioo cha kompyuta yake. Akaangalia kadi yangu. Akamgeukia Bi Mkubwa kwa upole kabisa.

"Bibi, samahani. Hapa iko andikwa wewe umezaa yeye. Sasa unashuhudia nini? Mama akizaa mtoto, si ananyonyesha tu? Hii hakuna mtu anakuja kusema."

Bi Mkubwa akamtazama mwanawe.

"Wewe umezaa yeye," akauliza tena msichana, "au umenyonyesha yeye tu?"

  Watu wenye busara zao, wenye simu mbili, walikuja na uwongo wa pili kuulinda wa kwanza, na ule wa pili ukausema wa kwanza mbele ya serikali. Tasbihi ikamponyoka Bi Mkubwa mapajani, naye akasema, polepole, "Nilimnyonyesha tu."

Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikingoja askari. Msichana akaniletea maji, akaniambia faili litakwenda mahakamani, ami aje, sheikh wa kabila aje, na nisiogope. Niliogopa vile vile, miezi yote waliyokaa na kadi yangu na ya binti yangu. Nililala na viatu karibu na kitanda.

Ami alikuja mahakamani akasema kweli kwa sauti ya mtoto aliyefiwa. Mwanawe mkubwa aliliondoa jina lake kwa wali kabla hajaondolewa. Na kadi zilirudi. Yangu mpya ina jina la baba yangu, na pa mama pana jina la Kinyamwezi ambalo mwandishi aliniomba nimtamkie mara mbili.

Maziwa hayakurudi. Nilimwendea Bi Mkubwa nikapiga magoti, nikamwambia, sasa hakuna cha kulinda tena, sema tu. Akanijibu, "Watu wameshanisikia nikisema uwongo mmoja. Unataka wanisikie wawili?" Kwenye kadi leo hakuna kinachomzuia kijana yule kumuoa binti yangu. Katibu angewaandika bila ya swali.

Kijana bado huja kumwamkia mama yake, kisha hupita kwangu. Habishi hodi siku hizi, wameshamwambia mie ni dada yake wa ziwa. Nikisikia viatu vyake mlangoni mkono wangu unakwenda kwenye shungi wenyewe, nalivuta mpaka usoni. Na chumba cha ndani nasikia ufunguo ukizungushwa, binti yangu anajifungia mpaka kijana atoke.