Uliona au Uliambiwa?

Asubuhi hiyo tulikuwa mtoni, mimi na mume wangu Mutinda, tukichimba kisima cha mchanga. Kwetu, kaskazini ya Mwingi, maji ya mto hayako juu, yako chini. Unatoa mchanga mpaka yajitokeze, halafu unajaza jerikeni kwa kibuyu, polepole. Punda wetu wawili walikuwa wanangoja. Mzungu alikuwa ndani ya shimo, amevua viatu, anachimba vibaya.

Huyo mzungu alikuwa wakili kutoka Amerika. Kanisa letu lilimleta akae miaka miwili, aandike habari za watu waliokuwa wakipigwa risasi na kunyang'anywa mifugo. Tulimwita Mwangangi, jina la mtu wa kutembea, kwa sababu alifika kila boma kwa miguu.

"Wakili," Mutinda akamwuliza, "kwenu maji hukaa wapi?"

"Kwa ukuta. Unafungua tu."

"Basi ukuta wetu umelala. Chimba, mzee!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ametuambia baba yake aliendesha lori la maziwa, na yeye ndiye wa kwanza kwao kusoma sheria. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutetea wapangaji wanaofukuzwa kwa nyumba. Mimi niliishia darasa la tano, lakini kazi yake niliielewa. Unakaa mbele yake, unasema, anaandika, halafu anakusomea yote. Kila mstari anauliza, "Uliona au uliambiwa?" Kama uliambiwa, anakata. Ukisema kabila fulani ndilo liliua, anakata pia. "Kabila halishiki bunduki, mama. Niambie mtu."

Mutinda aliuleta huo wimbo nyumbani. Nikisema chai haina sukari, ananiuliza, "Umeonja au umeambiwa?"

Risasi ya kwanza ilitoka ng'ambo ya mto, penye mbuzi wetu.

Tulilala kifudifudi, sisi watatu, bega kwa bega.

Punda mmoja akaanguka.

Wakili akasema kwa sauti ya chini, "Tazameni nyuso. Kesho watakataa."

Mutinda akainua kichwa.

"Ni Kyalo," akasema. "Kyalo wa Muli ndiye anawaonyesha njia."

Hakusema kitu kingine.

Kyalo ni jirani yetu, dalali wa mbuzi. Alikula kwa arusi yetu. Na siku moja kabla ya hiyo, mimi mwenyewe nilimpigia Nzuki, naibu wa chifu, nikamwambia kuna watu wenye bunduki wameonekana mtoni. Alisema ataangalia. Nilipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa.

Wakili alivua shati akalibana kwa shingo ya Mutinda mpaka likawa zito. Jioni, kwa polisi, akaandika maelezo yake mwenyewe: nilimwambia Mutinda atazame, akainua kichwa, akapigwa.

"Wakili, hiyo si lazima," polisi akamwambia. "Unajifunga mwenyewe."

"Niliona," akasema, akatia sahihi.

Kabla ya kesi ya Kyalo nilimfuata wakili kanisani. "Sema ulimwona Kyalo. Neno moja tu."

"Mama Mwende, uso wangu ulikuwa mchangani."

"Basi nitasema mimi nilimwona."

Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ukisema hivyo, nitasimama niseme ulikuwa umelala kama mimi."

Nilimtemea mate.

Hakimu alisema maneno ya marehemu peke yake, bila mwingine aliyeona, hayatoshi. Kyalo alitoka mahakamani akipungia watu mkono.

Wakili akarudi kwao, akaingia siasa. Binti yangu Mwende hunionyesha kwa simu na kunitafsiria. Mara ya kwanza alianguka. Wapinzani wake walipata ile karatasi ya polisi, wakamwuliza mbele ya umati kama kweli kuna mtu Kenya alikufa kwa sababu ya maneno yake. Akajibu, "Ni kweli. Aliitwa Mutinda."

Mwanasiasa huyo! Wa kwetu nimewasikia wengi juu ya magari na vipaza sauti vyao, na sijasikia mmoja akikubali kosa lake. Akasimama tena, akapita. Leo anakaa bunge la kwao. Nikimwona na suti, nywele zimekuwa nyeupe, mwili wangu unasisimka. Sijui mtu wa namna hiyo hutengenezwa na nini. Ningependa kumchukia kabisa, na siwezi.

Nzuki alistaafu, akachinjiwa ng'ombe. Kyalo bado anauza mbuzi soko la Kabati. Tukikutana hunisalimia, "Mama Mwende, watoto wazima?" Namjibu, nifanye nini? Lakini hapa nawataja wote wawili kwa majina. Ya Nzuki nilisikia kwa masikio yangu. Ya Kyalo niliambiwa, ndiyo, lakini aliyeniambia hakupata nafasi ya kudanganya.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema ni wakili alimfanya Mutinda ainue kichwa. Amekubali, ameandika, amesema mbele ya Amerika nzima. Kuna kitu ambacho hakuandika, na sijui kama alikiona. Alituambia sisi wawili. Mutinda alitazama. Mimi nilikuwa hapo kando yake, bega langu limegusa lake, na nilifunga macho.