Gari la Umeme Lililokonda

Kabla sijawa mtaalamu wa betri nilikuwa mchuuzi wa ng'ombe, tena hodari. Mwishoni mwa kiangazi nilikuwa nakwenda mnadani Tinde, wakati mfugaji anauza kwa kuwa majani yamekwisha, nanunua ng'ombe ambaye mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Nazionyesha mbavu, nasikitika, natikisa kichwa, bei inashuka. Mvua zikinyesha ananenepa, nami namleta Geita kwa wachimbaji, watu ambao siku wakipata hawaulizi bei ya nyama. Nyumba yetu ya Kalangalala imejengwa kwa ng'ombe waliokonda. Naeleza haya ili ieleweke kwamba nilipoharibu sikuharibu kwa ujinga. Niliharibu kwa ujuzi.

Tulikuwa na pikapu ya petroli, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Kazi yake kubwa ilikuwa kumpeleka mke wangu Katoro siku za gulio, yeye na mabelo yake ya mitumba. Alikuwa na nafasi nzuri pale sokoni, mbele kabisa, wanapopita watu wanaotoka stendi. Mwaka ukame ulipoua ng'ombe wangu, nafasi hiyo ndiyo iliyotulisha. Utaratibu wa soko ni mwepesi: ukikosa magulio matatu mfululizo, mwenyekiti wa soko anampa mwingine. Hakuna barua wala rufaa.

Pikapu ile ilikuwa inaomba kila siku. Leo petroli, kesho oili, keshokutwa rejeta inavuja. Nikachoka kuombwa. Redioni nikasikia kwamba gari la umeme halina plagi, halina oili, na kulichaji nyumbani ni nafuu kuliko kujaza mafuta. Hayo yote ni kweli mpaka leo. Uongo niliuongeza mwenyewe.

Nikaenda Mwanza kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Muuzaji alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka.

"Shikamoo mzee. Hili ni gari la wazee wenye akili zao."

"Marahaba," nikajibu, na kwa kweli hapo nilikuwa nimeshanunua nusu.

Mbele ya usukani kulikuwa na kioo chenye vijiti vidogo vya kuonyesha afya ya betri. Karibu theluthi ya vijiti ilikuwa imezimika. Nikauliza vimekwenda wapi.

"Betri imechoka kidogo, mzee. Si unajua, limetumika huko nje miaka kadhaa."

Mtu mwingine angeaga. Mimi nilifurahi moyoni, maana nilikuwa nimeziona mbavu. Nikavionyesha vijiti, nikasikitika, nikatikisa kichwa, bei ikashuka. Kijana akalalamika kwamba namuua. Nikamhurumia hata, maskini, hajui kwamba nitaenda kulilisha vizuri na vijiti vyote virudi.

Fedha nilipata kwa kuuza ng'ombe waliobaki na ile pikapu. Pikapu niliiuza kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nikamwambia huku nacheka kwamba namuuzia mlevi wa petroli. Mke wangu sikumuuliza. Nilitaka kumfurahisha ghafla, na katika hilo la ghafla nilifanikiwa.

Alilizunguka gari mara moja. Amekulia kwenye zizi kubwa la baba yake, hadanganywi na rangi.

"Baba," akaniuliza, "umelitazama meno?"

"Gari halina meno, mama."

"Ng'ombe mwembamba si unamfungua mdomo kwanza? Wewe mwenyewe ulinifundisha. Unataka kujua amekonda au amezeeka. Sasa hili limekonda au limezeeka?"

Nikamweleza kwa upole, kama msomi wa kidato cha nne anavyopaswa, kwamba mambo ya umeme ni tofauti. Akaitikia "haya," ile haya ambayo waliooa wanaifahamu.

Nikaanza kulinenepesha. Kila usiku nililichomeka mpaka likashiba kabisa, hata kama mchana halikutoka uani. Mchana nililiegesha juani, mbele ya nyumba, majirani wasije wakapitwa. Baadaye fundi mmoja aliniambia kwamba joto na kushibishwa kila siku ndiyo mambo yanayoichosha betri upesi. Kwa hiyo nililinyonga kwa mapenzi. Kijiti kingine kilipozimika nilimwambia mke wangu gari linazoea maji ya Geita.

Miezi ya mwanzo tulikwenda Katoro na kurudi, sina budi kusema ukweli, na ilikuwa raha. Gari halipigi kelele, mpaka unasikia mke wako akinyamaza. Kisha safari ya kurudi ikawa ya wasiwasi, feni imezimwa, madirisha yamefungwa ili upepo usile umeme wetu, sisi wawili tunatoka jasho kama mikate kwenye tanuri. Halafu gulio moja tukalikosa kwa sababu umeme ulikatika usiku kucha. Gulio lililofuata tukageuza njiani, maana gari lilitutangazia kwamba halifiki.

La tatu ilikuwa lazima tufike. Tukatoka alfajiri na mabelo kwenye viti vya nyuma. Kwenye kilima kimoja gari likaanza kwenda kwa adabu kama msafara wa maziko, kisha likasimama. Vijana wa bodaboda wakakusanyika, wamefurahi kama wameona sarakasi.

"Mzee, mafuta yamekata?"

"Halitumii mafuta."

"Basi nikimbie nikakuletee umeme kwenye kidumu?"

"Mwache mzee," akasema mwenzake, "lete kandambili tulisugue, litapata moto."

Mke wangu hakucheka wala hakunilaumu. Alipatana nao, akafungisha mabelo kwenye bodaboda mbili, akapanda mojawapo na magoti yake mabovu. Alipokuwa anaondoka akaniambia, "Baki na mgonjwa wako."

Walilisukuma gari mpaka kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa karibu. Mwenye mashine akaniruhusu kuchomeka kwa malipo, nikakaa pale mchana mzima, nimejaa unga, nikiwaeleza akina mama wenye madebe ya mahindi kwamba gari la umeme linabana sana matumizi.

Jioni nilipofika Katoro nilimkuta mke wangu ametandika nguo pembeni, karibu na mtaro. Mahali pake alikaa mama mmoja na mabeseni ya plastiki. Mwenyekiti alikuwa amemkabidhi asubuhi ile, kabla bodaboda hazijafika.

"Nimemwomba," mke wangu akasema. "Amekubali gulio moja tu, lijalo. Nikiwahi kabla ya yule mama, napata pangu. Nikichelewa, basi tena."

"Nitalichaji siku mbili mfululizo," nikasema.

Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayeweweseka kwa homa.

Wiki hiyo nilimwuliza fundi habari za betri mpya. Akataja bei, nikamwomba airudie, akairudia. Ilikaribia fedha yote niliyolinunulia gari. Hapo nikaelewa hesabu ambayo nilipaswa kuifanya yadini. Pikapu ilinidai kidogo kidogo kila siku, nami nikailaani kila siku. Gari la umeme lilinyamaza kama mgeni mstaarabu, kumbe deni lake limelala lote chini ya viti, kwenye betri, na aliyelila ni mwenye gari wa kwanza, huko nje. Wapo walionunua betri yenye vijiti vyote, wanaendesha na kuwacheka watu wa petroli. Wana haki. Mimi nilinunua uzee kwa bei ya wembamba.

Alfajiri ya gulio nilisikia mlio ninaoujua. Pikapu ilikuwa mlangoni, mlango wake bado umefungwa kwa waya.

"Mwangaluka, shemeji," mdogo wake mke wangu akanisalimu kwa Kisukuma, meno yote nje. "Nimekuja na yule mlevi."

Akaniambia kwamba dada yake ameinunua tena, kwa akiba yake ya mitumba, na kwamba sasa mwenye funguo ni dada. Niliwasaidia kupakia. Nikasema labda mimi niendeshe, maana naijua.

Mke wangu alikuwa ameshakaa mbele. Akateremsha kioo.

"Fungua mdomo kwanza."

"Nini?"

"Nataka nijue umekonda au umezeeka."

Shemeji alicheka mpaka akaegemea usukani. Mimi nilisimama pale uani, na kusema kweli nilifungua mdomo. Alichungulia kwa makini, akatikisa kichwa, akasikitika, kama mnunuzi anayejua kazi yake.

"Panda nyuma na mabelo," akasema.

Nikapanda. Tulifika Katoro kabla jua halijachomoza vizuri, na yule mama wa mabeseni alikuwa hajafika. Niliruka chini na belo la kwanza, nikaliweka mbele kabisa, wanapopita watu wa stendi, na mke wangu akalikalia.