Nilivyoshangilia Safari Kuvunjika

Niwaambie ukweli, aibu haijanitoka. Katika ofisi ya safari ninakofanya kazi hapa Harborne, Uingereza, mzee mmoja Mwingereza alitaka kwenda Marekani kuwinda "prairie dog". Nilimtumia faksi mwenye ranchi moja ya huko kumwekea nafasi, huku nikimchukia mteja wangu kimoyomoyo. Mtu mzima anapanda ndege kwenda kupiga mbwa risasi!

Jumatatu mkewe akaja peke yake. "Naomba ufute ile safari. Mume wangu hataenda tena."

Nikapiga makofi. "Afadhali, mama! Mbwa wa watu wamepona."

Akanitazama kwa upole. "Si mbwa, mwanangu. Ni vinyama kama kindi, vinaishi mashimoni. Na mume wangu tumemzika Ijumaa."

Nami nilikuwa bado natabasamu.