"La" Moja Kwenye Jalada

Mhariri wetu tulimwita Mama Nukta, maana hakuna nukta iliyompita. Hata kadi ya harusi ya mwanawe aliisahihisha kwa wino mwekundu, akairudisha kwa wakwe. Mimi nilikuwa mpanga kurasa wake kwa miaka kumi na minne, katika chumba cha mwisho cha korido, na nakiri hasira zangu hazijapoa.

Mkurugenzi wa chuo alituambia wazi: jarida letu la utafiti wa udongo likikosa alama nusu, linafungwa. Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua makala za miaka miwili, zetu zilikuwa arobaini, unaangalia watafiti wengine wamezitaja mara ngapi, unagawanya kwa idadi ya makala. Tulihitaji kutajwa mara ishirini. Ofisi inayohesabu ikaleta jibu: mara tatu.

"Tatu?" Mama Nukta aligonga meza. "Hawa wamehesabu wakiwa wamelala!"

Alipekua majarida ya wenzetu wiki nzima, akakuta tumetajwa mara thelathini na moja. Akaipigia simu ofisi ile ya kuhesabu, spika ikiwa wazi, nami nasikia.

"Mama, sisi tuna Jarida Udongo," dada wa upande wa pili alisema. "Hilo Jarida la Udongo hatulijui kabisa."

Mama Nukta akalivuta jalada, akalisoma. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka kumi na miwili nyuma, yeye mwenyewe aliona jina la jaladani halina kiunganishi, likamkera, akaongeza "la". Usajili haukuguswa. Tangu siku hiyo watafiti wananakili jina kutoka jaladani, na alama zetu zinakwenda kwa jarida lisilokuwepo.

Aliomba warekebishe. Wakasema sawa, lakini kuhesabu kutaanza upya mwaka ujao. Niliumia, tena nilimkasirikia. Herufi mbili tu!

Alhamisi ikaja barua ya mkurugenzi: "Jarida la Udongo linafungwa kuanzia leo." Mama Nukta aliisoma, kalamu nyekundu mkononi, machozi yakimlengalenga. Mkono ukaenda kwenye "la", ukasimama.

"Hapo huoni kosa?" nikamuuliza kwa kejeli.

"Naliona, mwanangu." Akaifunika kalamu. "Safari hii silisahihishi. Waache wafunge hilo. Wewe panga kurasa za Jarida Udongo."