Kikosi Kilichovuka Ukingo wa Meza

Upepo wa Isiolo huanza mchana. Mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa mwalimu mchanga nikiishi na baba yangu karibu na kambi ya watengenezaji barabara, niliuzoea hata nikawa siusikii tena. Jumapili tukishatoka kanisani na kula, Baba alinawa uso, akaniambia, "Mwalimu, twende tukaone watu wetu wameamkaje."

Watu wenyewe walikuwa askari wadogo wa madini ya risasi, na hakuna aliyefikia urefu wa kidole changu kidogo. Walikuwa mali ya jirani yetu, injinia wa barabara, Mhindi wa Nairobi, mtu mpole mwenye miwani minene. Aliwaagiza kwa posta kutoka Uingereza, wakaja bila rangi, naye akawapaka mmoja mmoja kwa brashi nyembamba: koti jekundu lililofifia, mshipi, masharubu.

Kama hujawahi kuona mchezo wa namna hii, usihofu. Mimi pia sikuelewa siku ya kwanza. Unatandaza mchanga juu ya meza, unainua vilima, unalaza kitambaa cha buluu kiwe mto. Upande mmoja unapanga askari wa Kihindi wa zamani, wale waliowaasi maafisa wao Waingereza. Upande wa pili unapanga jeshi lililotumwa kuwakomesha. Mnasogeza watu wenu kwa zamu, kwa urefu wa kijiti maalumu, na wakikaribiana dadu huamua nani anaanguka. Aliyeanguka analazwa kando. Kikosi kikipungua chini ya nusu, dadu hurushwa tena kuona kama waliobaki watasimama au watatawanyika. Waasi wakifika ng'ambo ya mto, ukingoni mwa meza, wamefika kwao, wameshinda.

Hawakuwahi kufika. Kila Jumapili walitawanyika kabla ya mto.

Kwa injinia ulikuwa mchezo. Kwa Baba haukuwa mchezo hata kidogo. Baba yake, yaani babu yangu, alichukuliwa uaskari na Wazungu Baba akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Habari iliyofika Ngaremara, kijijini kwetu kaskazini mwa Isiolo, ilikuwa fupi: kikosi chao kilichoka kutembezwa, kikakataa amri, kikageuka kurudi nyumbani. Baada ya hapo hakuna aliyesikia lolote. Nyanya alikufa akiwa bado anaacha nafasi ya mtu mmoja karibu na moto.

Injinia alimweleza Baba kwa upole kwamba hawa ni askari wa nchi nyingine, wa enzi nyingine.

"Bwana wao alikuwa nani?" Baba akauliza.

"Mwingereza."

"Basi tunajuana," Baba akasema, akavuta kiti upande wa waasi.

Shida ilikuwa kuhesabu. Kwetu Waturkana, mifugo na watu hawahesabiwi kwa sauti. Ni kuwaitia balaa. Mchungaji hujua kundi lake kwa kulitazama. Anaona pengo pale alipozoea kuona mbuzi mwenye doa kwenye jicho moja, basi anajua. Siku ya kwanza injinia alipoanza kugusa vichwa vya waasi, "moja, mbili," Baba aliwafunika kwa kiganja.

"Injinia, hivi ni viazi?"

"Mzee, kanuni inataka idadi. Nitajuaje wamebaki wangapi?"

"Uliza nani hayupo."

Tangu siku hiyo injinia alihesabu kimoyomoyo, kwa macho tu, na Baba akajifanya haoni midomo yake ikichezacheza. Mimi na Baba tulijifunza nyuso zao. Kulikuwa na aliyeinamisha bega kama anayebeba maji, na mwingine aliyepakwa jicho moja kubwa kuliko lingine. Wakati mwingine, darasani, watoto wakiimba jedwali la kuzidisha, niliwaona wale askari wakitembea polepole ubaoni, ndani ya vumbi la chaki.

Kisha injinia akapata uhamisho. Jumapili yake ya mwisho masanduku yalikuwa tayari mlangoni, na nyumba nzima ilikuwa meza tu. Mwanga ulipita kwenye pazia ukaufanya mchanga uwe rangi ya asali. Nje, kengele za mbao za ngamia zilipita zikigongana taratibu. Baba hakutania siku hiyo. Aliwasogeza watu wake karibu-karibu, kama kundi linalopita penye fisi, na kabla ya chai kupoa waliukanyaga mto. Hapo jeshi lilipiga, na wengi wakalazwa kando.

Injinia alitazama, akavua miwani, akaifuta. "Mzee, nadhani wako chini ya nusu. Lakini leo sitahesabu mimi. Mwalimu, wewe ndiye wa hesabu. Tuambie."

Baba alinitazama.

Nilitazama kikosi. Nilitaka kuona idadi, kazi niliyoifanya kila siku, lakini haikuja. "Mwenye bega hayupo," nikasema. "Mpiga ngoma hayupo. Wale ndugu wawili, mmoja yupo. Mwenye jicho kubwa yupo, yuko majini. Kijana wa masharubu ya kupakwa vibaya…"

"Yale masharubu niliyapaka taa ikizima," injinia akajitetea.

"Yupo," nikasema.

Niliendelea hivyo mpaka nikawamaliza, waliopo na wasiokuwepo. Injinia alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaziokota dadu, akazitia mfukoni mwa shati.

"Bila idadi siwezi kurusha," akasema. "Endelea, mzee. Zamu yako."

Baba aliwavusha. Alipofika ukingoni alisimama.

"Baada ya hapa kuna nini?"

"Hapo ndipo mwisho wa meza. Wamefika."

"Hapa si Ngaremara," Baba akasema.

Akapiga magoti. Akawachukua mmoja mmoja, akawapanga kwenye sakafu ya saruji, wakitazama kaskazini. Nilidhani injinia angecheka. Badala yake alishuka kutoka kitini, akashika kijiti chake, akampimia hatua ya kwanza. Wakaenda hivyo, watu wazima wawili wakitambaa, mimi nikiwaondolea masanduku njiani, mpaka mlangoni, wakavuka kizingiti, na kile kikosi kidogo kikashuka kwenye vumbi la uani, upepo ukivuma.