Nilivyotoka airport ya Isiolo hadi hoteli ya town, na hakuna aliyeniambia mamangu anazikwa

Wakuu, salaam aleikum. Na wale wa habari, habari zenu pia.

Juzi kuna member aliuliza kule jukwaa la usafiri: mtu akishuka airport ya Isiolo, anafikaje hoteli ya katikati ya mji bila kukodi gari? Watu wakamjibu kwa utani, eti apande ngamia. Mimi nilianza kumjibu kwa mistari michache tu, nikajikuta sinyamazi. Basi nimeona nifungue uzi.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sina haja ya kutunga, na wale wa Kiwanjani mlio humu mtanijua hata nikificha jina.

Nianze na jibu, ili aliyeuliza asitoke mikono mitupu.

Airport iko upande wa Kiwanjani na town si mbali. Matatu haziingii ndani. Unavuta begi lako hadi gate, unatokea pale tuktuk na boda husimama, unamwambia wa tuktuk "town", unangoja ajaze. Kama begi ni kubwa achana na boda, mtaanguka nalo. Mwambie akushushe karibu na msikiti mkubwa, hoteli nyingi ziko hapo unatembea tu. Na kabla hujatoka Nairobi uliza kama ndege ipo, maana za huku huja zikijisikia.

Basi, njia ni hiyo.

Mimi niliipita siku ambayo mamangu anazikwa. Dereva alijua. Abiria mwenzangu alijua. Mimi peke yangu ndiye sikujua.

Sisi ni wale Wasomali ambao babu zao waliletwa Isiolo na jeshi la mkoloni wakabaki hapo. Baba alikuwa dereva wa lori, akafariki tukiwa wadogo. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, akatulea kwa maziwa ya ngamia. Alikuwa anapokea mitungi kutoka kwa wafugaji, anauza sokoni. Ukisema "Mama Halima wa maziwa", hata askari wa roadblock anakuonyesha nyumba.

Halima ni dadangu mkubwa. Mtoto wa kiume kwa Hooyo ni mimi tu.

Niko Doha, kwa godauni, naendesha forklift. Halima alinipigia nikiwa kazini.

"Hooyo amezidiwa. Kama unaweza kuja, kuja sasa."

Supervisor wangu ni mtu wa kelele kila siku. Siku hiyo aliniangalia uso akanipa ruhusa bila swali.

Nilipofika Nairobi nikampigia tena Halima. Alishika, lakini sauti ilikuwa chini sana.

"Hooyo anaendeleaje?"

"Wewe kuja tu. Na ukishuka usikuje nyumbani. Enda hoteli ya town, ile ya ghorofa karibu na msikiti. Abti Yusuf atakuwa anakungoja hapo."

Abti ni mjomba, ndugu ya mama. Huyu Yusuf alimfuata Hooyo kuzaliwa, wamekula sahani moja tangu utoto wao.

Wakuu, nilikasirika. Ukisimama kwa fence ya airport unaona tangi la maji la kwetu. Sasa nishuke hapo, nipite nyumbani kwetu, niende kukaa hoteli kama mtalii? Halafu nikajituliza. Nikasema labda nyumba imejaa wageni, labda daktari amekataza kelele. Nilijitafutia sababu mwenyewe na nikaziamini zote.

Ndege ikachelewa kutoka Nairobi. Tulikaa pale hadi nikachoka kuuliza.

Hapa nitoke kidogo nje ya stori, niwaeleze wasiotoka kwetu.

Kwa familia yetu, mtu akiwa safarini haambiwi kifo. Haambiwi kwa simu, wala barabarani, wala mlangoni. Anapokelewa, anakalishwa, anakula, anakunywa chai. Halafu mtu mzima wa upande wa mama ndiye anamwambia. Mtu mwingine akiropoka kabla ya hapo, ameivunjia familia heshima.

Na kuna jambo la pili. Maiti hatukai nayo. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri anaswaliwa na kuzikwa. Na wale wanaoshuka kaburini kumpokea mama ni wanawe wa kiume.

Kwa hivyo mnaelewa nilichokuwa napoteza wakati nahangaika na begi pale gate.

Nilitoka jua likiwa kichwani. Tuktuk ilikuwa moja. Dereva ni mzee kidogo, ndevu zimepakwa hina. Nyuma alikuwa amekaa mama mmoja Mmeru na gunia lake la viazi.

"Salaam aleikum. Nipeleke town, hoteli ya ghorofa karibu na msikiti."

Aliitikia salamu, akanitazama sana.

"Wewe si ni kijana ya Mama Halima ya maziwa?"

"Ndiye mimi."

Alishuka, akachukua begi langu akaliweka mwenyewe, na hakungoja abiria wengine. Nikajiona mtu wa bahati.

Yule mama akanigeukia.

"Ni wewe ulikuwa ng'ambo? Ai, pole sana mwanangu."

Dereva akakohoa kwa nguvu.

"Pole na safari," mama akamalizia, akaangalia viazi vyake.

Nilimwomba dereva apitie barabara ya kwetu, angalau nione geti hata kama sishuki.

"Hiyo barabara wanachimba," akasema. "Imefungwa. Tuzunguke hii ya nyuma, ya kupitia upande ya Chechelesi."

Hakuna aliyekuwa anachimba. Kilichofunga barabara ni tent na viti vya matanga yetu. Yule mzee alikuwa ananikwepesha nisione. Na ni kwa kukwepa huko ndiko tukakutana na mazishi yenyewe.

Mbele yetu msafara wa magari ulikuwa unakuja. Dereva akaweka tuktuk kando, akazima injini. Akateremsha turubai ya upande wangu, akasema ni vumbi. Kisha akashuka akasimama wima.

Kwa pengo la turubai niliona pickup ikija polepole, kitambaa cha kijani juu, wanaume wameshikilia pande zote. Nikajua ni jeneza.

Nikafanya kile kila Mwislamu anafanya. Niliinamisha kichwa, nikainua mikono, nikamwombea. Ee Mola msamehe, mpanulie kaburi lake. Kwa sababu kichwa kilikuwa chini, sikuona uso wa mtu yeyote. Binamu zangu walikuwa juu ya hiyo pickup. Majirani wote walikuwa kwa hayo magari. Walinipita karibu, karibu kabisa.

Nilipoinua macho yule mama Mmeru alikuwa anajipangusa na leso. Nikawaza, huyu ana roho laini, analilia mtu asiyemjua.

"Nani amekufa?" nikamuuliza dereva.

"Mtu ya Kiwanjani."

"Mzee?"

"Mama."

"Mungu amrehemu."

"Amin," akasema. "Amin, amin."

Sasa niseme na hili, ingawa linanichoma kuliandika. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo kwamba si wetu. Nilisema Alhamdulillah, nyumba nyingine leo, sisi bado tuna wetu. Nilisema hivyo jeneza la mamangu likiwa halijakata kona.

Kufika town nikatoa nauli. Dereva akaurudisha mkono wangu.

"Weka. Leo hapana."

Nikamshukuru, nikadhani ni heshima ya mtu aliyetoka mbali.

Abti Yusuf alikuwa amekaa peke yake meza ya pembeni, kofia imenyooka, mikono juu ya bakora yake. Alinikumbatia akakawia kuniachia. Chakula kilikuwa tayari: mikate ya anjera, nyama ya mbuzi, chai ya maziwa.

"Abti, mimi nataka kumwona Hooyo kwanza."

"Kula."

"Nitakula nikirudi."

"Kula, Abti." Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, hata mimi ananiita Abti. Wengi wanaona ni mchezo, lakini siku hiyo alilisema kama mtu anayeomba.

Nikala. Na nitasema ukweli, nilikula vizuri. Tangu Doha sikuwa nimetia kitu cha maana tumboni. Nilichovya anjera kwa mchuzi nikaongeza nyama, nikamwambia mjomba hawa watu bado wanajua kupika. Yeye hakugusa kitu.

Nilipomaliza aliinuka, akachukua birika na beseni kwa mhudumu, akaninawisha mikono mwenyewe.

Mzee wa umri wake haninawishi mimi mikono. Haijawahi kutokea. Maji yalikuwa bado yanamwagika nikavuta mikono.

"Abti," akasema, "Hooyo wako amerudi kwa Mola wake leo alfajiri. Hospitali walijaribu ikashindikana. Ameswaliwa adhuhuri. Saa hii wanamfukia."

Nikauliza kitu cha kipumbavu. Nikauliza walimpitisha barabara gani.

"Ile ya nyuma."

Wakuu, sikulia. Nilipiga meza hadi vikombe vikaanguka. Watu wote waligeuka. Nikamwambia mjomba wangu maneno ambayo mpwa hasemi. Nikamwambia mngeniambia kwa simu. Ningeshuka kwa ndege nikafika makaburini kwa miguu. Ningeshuka kaburini nimpokee mamangu kwa mikono yangu. Badala yake mmenileta hapa kunilisha mbuzi.

Alingoja nimalize.

"Ungeanguka njiani peke yako. Nani angekushika?"

"Ningeanguka lakini nifike!"

Kisha akasema polepole, "Hata mimi sijamzika. Ni dada yangu."

Hapo ndipo nilimwona. Mtu aliyekula naye sahani moja anafukiwa, na yeye amekaa hotelini kungoja mimi, kwa sababu upande wa mama hakuna mwingine aliyebaki wa kuniambia. Nilikaa chini. Tulilia wote wawili, mbele ya wateja na chai yao.

Makaburini tulikuta watu wameondoka. Alibaki binamu yangu mmoja anakusanya sepetu, udongo bado una maji. Huyo ndiye alishuka kwa niaba yangu. Alitaka kuniomba msamaha nikamzuia, kosa lake ni lipi?

Niliteka udongo kwa mkono nikaweka juu. Wanaosema ni sawa tu, si sawa. Kuweka udongo juu ya kaburi lililofungwa na kumpokea mama ndani ni vitu viwili tofauti. Bado vinanisumbua nikiwa kwa forklift, nikiwa naswali, nikiwa naoga.

Yule dereva nilikutana naye baadaye karibu na soko la maziwa. Akataka kupita kama hajaniona. Nikamsimamisha, nikamsalimia.

"Pale gari lilipita, nilitaka kukuambia," akasema. "Neno lilikuwa hapa kwa koo. Lakini mimi si mtu yenu. Si kazi yangu."

Nikamwambia simlaumu. Namlaumu kidogo, lakini sikumwambia.

Abti ndiye nilimlaumu zaidi, hata baada ya kulia naye. Siku za tanga zilipoisha nikamwambia Halima kwamba nitarudi Doha na sitampigia Abti simu tena. Kwamba yeye na desturi yake wameninyang'anya kitu kisichorudi.

Halima alikuwa anaosha mitungi ya Hooyo, hajui hata itatumika na nani. Hakuacha kuosha.

"Si Abti," akasema. "Ni Hooyo mwenyewe. Siku nilikupigia, alisikia. Akasema: mimi nikienda kwa Mola kabla kijana hajafika, msimwambie njiani. Huyo tangu mtoto akisafiri hali kitu. Ale kwanza."

Nilimuuliza mara mbili. Alinijibu hivyo hivyo.

Basi wakuu, hasira yangu haina pa kwenda. Kumbe ile anjera niliyoitupia maneno ni mamangu alikuwa ameniagizia. Niliila yote na sikumshukuru mtu.

Funzo nililotoka nalo ni hili. Ukiwa na mtu safarini na kumetokea msiba, mwambie. Mwambie kwa upole, mtafutie mtu wa kukaa naye kiti cha pili, lakini mwambie, achague mwenyewe kama atakimbia au ataanguka. Mke wangu nimemwagiza hivyo: nikifa, watoto waambiwe hapo hapo walipo.

Amenisikiliza hadi mwisho, akaniambia hataweza. Kwamba atangoja kwanza wamalize kula.

Sikumbishia.

Nimewaachia hapo. Wale mliopitia kitu kama hiki, au mliowahi kuficha kwa nia njema, semeni: ungekuwa wewe kwa ile tuktuk, ungetaka dereva afungue mdomo? Matusi kwa mjomba wangu sitaki. Mengine yote nitasoma, hata kama sitajibu haraka.